Nakala 50 au 2,000: namna ya kuchagua njia ya kudurufu CD na DVD

Mteja akija akaniambia anataka nakala 500, sianzi na kikokotoo. Naanza na swali: "Zitachezwa kwenye nini?" Nikishajibiwa nauliza zinatakiwa lini. Idadi naiacha ya tatu, ingawa yeye amekuja nayo kichwani na anataka bei tu aondoke. Kazi yangu ni kurekodi kwaya na mihadhara na kuitoa kwenye diski, na katika kazi hii hasara kubwa sijaiona kwenye diski zilizoharibika. Nimeiona kwenye maboksi ya diski nzima kabisa, zilizofyatuliwa vizuri, ambazo hazikupata mtu wa kumpa.

Njia za msingi ni mbili: kuchoma na kufyatua kiwandani. Watu huzichanganya kwa sababu matokeo yake yanafanana mkononi, lakini hazifanani hata kidogo.

Diski ya kuchoma inanunuliwa tupu. Ndani yake kuna tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, na leza ya mashine yako inapopita juu yake hubadilisha vidoa vidogo vidogo ili kifaa cha kusomea diski kivione kama mashimo. Igeuze uitazame kwa chini kwenye mwanga, utaona kijani hafifu, samawati au zambarau. Hiyo ndiyo rangi yenyewe. Kila nakala inaandikwa upya kuanzia katikati hadi ukingoni, moja baada ya nyingine.

Kiwandani hakuna kuandika nakala. Wanaandika mara moja tu, kwa leza, juu ya kioo kilichopakwa kemikali inayohisi mwanga. Kioo kinasafishwa, kinapakwa metali, kisha kwa umeme wanaotesha nikeli juu yake hadi wapate chapa ya chuma. Chapa hiyo inafungwa kwenye mashine, plastiki ya polikaboneti iliyoyeyushwa inasukumwa ndani, na diski inatoka ikiwa na mashimo yake tayari. Ni kufyatua matofali, tofauti ni kwamba hapa kila moja huchukua sekunde chache. Baada ya hapo inapakwa utando wa alumini, inapakwa vanishi, inachapwa sura yake. Ndiyo maana CD orijino kwa chini ni rangi ya fedha tupu.

Ukishaelewa hilo, bei zinajieleza. Gharama ya kiwanda iko kwenye kioo na chapa, na hiyo unailipa uwe unataka diski 10 au 10,000. Kwa hiyo viwanda vingi havipendi kusikia chini ya 500, vingine 1,000. Kuchoma hakuna gharama kubwa ya mwanzo, ila nakala ya 900 inakula muda uleule na diski ileile kama nakala ya kwanza.

Hivyo chini ya 300 nachoma bila kufikiri sana, na juu ya 1,000 napeleka kiwandani. Ugumu uko katikati.

Hapo katikati watu hufanya hesabu moja ya kujidanganya. Wanachukua bei ya kiwanda, wanaigawanya kwa 1,000, wanaona kila diski imekuwa rahisi kuliko ya kuchoma, wanaagiza. Gawanya kwa idadi utakayotoa, si kwa idadi utakayofyatua. Tuseme bei yote ya kiwanda kwa diski 1,000, ukijumlisha usafirishaji na kava, inalingana na bei ya kuchoma diski 450. Kama watu unaowajua kwa hakika watachukua 400, kuchoma ni nafuu, na hutabaki na 600 za kuhifadhi. Na ukisema "zilizobaki zitatoka polepole", hesabu pia kwamba yaliyomo huchakaa. Mhadhara wenye tarehe ndani yake, orodha ya bidhaa, mafunzo ya programu fulani: vyote hivyo vina umri mfupi. Albamu ya kwaya inavumilia zaidi.

Pale ambapo idadi haitoi jibu, narudi kwenye swali langu la kwanza. Kompyuta zenye draivu ya diski na deki za karibuni zinasoma karibu kila kitu. Redio za gari za zamani na deki kuukuu ndizo zinazosumbua, kwa sababu diski ya kuchoma hurudisha mwanga tofauti kidogo na ya kiwandani. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia, "Wanakwaya wangu wengi wanasikilizia garini, na magari yenyewe ni ya zamani." Nikamshauri aende kiwandani hata kama idadi yake ilikuwa ya katikati. Angekuwa anagawa mafunzo kwa watu wenye kompyuta, ningemwambia achome.

Ukubwa nao unaamua, hasa kwa video. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, na usishangae kompyuta nyingi zikikuonyesha 4.38, ni namna tu ya kuhesabu. Ya tabaka mbili inabeba GB 8.5. Kiwandani tabaka mbili ni kazi ya kawaida. Kwa kuchoma, diski hizo ni ghali, na deki za zamani hugoma kuzisoma au hukwama pale zinapovuka kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Kama filamu yako imezidi kidogo 4.7, ipunguze ubora kidogo au igawe kwenye diski mbili kabla hujafikiria kuchoma tabaka mbili.

Muda ni jambo jepesi: kiwanda hupimwa kwa wiki, kuchoma hupimwa kwa saa. Kama shughuli ni Jumamosi na leo ni Jumatano, umeshachagua.

Ukichagua kuchoma

Kwa nakala 20 au 30, kompyuta yako na draivu yake inatosha. Zaidi ya hapo tafuta mashine ya kudurufu, ule mnara wenye draivu nyingi usiohitaji kompyuta. Chukua wenye hard disk ndani, unaosoma masta, yaani diski ya kwanza inayonakiliwa, mara moja na kuihifadhi. Ule unaosoma masta upya kila mzunguko unaichosha bure. DVD iliyojaa kwa kasi ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi, inachukua kama dakika 6. Mnara wa draivu 7, mzunguko ukiwa dakika 8 pamoja na kutoa na kuweka diski, unakupa kama 50 kwa saa, bila kuhakiki. Ukiwasha uhakiki, muda unakaribia kuwa mara mbili. Zipo pia mashine zenye mkono unaookota diski zenyewe, zikachoma na kuchapa usiku kucha wewe umelala, lakini bei yake inamfaa mwenye kazi ya kila wiki. Kama kazi yako ni ya mara moja kwa mwaka, mpe mtu mwenye mashine akuchomee.

Kasi ina ubishi mwingi. Wapo wanaoapa kwamba kuchoma polepole kabisa ndiko salama. Diski za leo hazikutengenezwa kwa kasi ya 1x, na kuna draivu zisizoikubali kabisa. CD za muziki nachoma kwa 16x au 24x, DVD kwa 8x. Kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi naiachia wenye haraka.

Diski tupu nunua za aina moja, kutoka boksi moja ikiwezekana, na jaribu tano kabla ya kununua mia. Kwa deki za zamani DVD-R hupokelewa vizuri kuliko DVD+R. Zile za kufuta na kuandika tena usizigawe kwa watu. Hurudisha mwanga mdogo zaidi na vifaa vingi huzikataa.

Kisha kuna stika za karatasi. Zinapendeza siku ya kwanza. Lakini CD kwenye draivu ya kasi ya 52x huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika, na stika iliyokaa upande kidogo inaitikisa yote. Garini kwenye joto gundi inalegea, ukingo unanyanyuka, na kwenye zile redio za kumeza diski, diski inaingia isitoke. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapwa kwa printa ya wino, au mwambie mchomaji akuchapie. Ukitaka zisizovuja rangi zikishikwa na mkono wenye maji, omba zenye uso unaostahimili maji. Na kama unaandika kwa mkono, tumia kalamu laini ya diski, kamwe si kalamu ya wino ya kawaida. Kwenye CD data haiko chini unakoiona iking'aa, iko juu, karibu kabisa na sehemu unayoandikia, imefunikwa na vanishi tu. Ukikandamiza kalamu umeichora data. DVD ina nafuu: imetengenezwa kwa bamba mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, na data iko katikati.

Uhakiki wangu ni rahisi. Katika kila pakiti nachukua diski ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, naziweka kwenye deki kuukuu kuliko zote nilizonazo, na naanza na wimbo wa mwisho. Diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingoni ndiko makosa hupenda kujificha. Anayesikiliza sekunde kumi za wimbo wa kwanza na kusema "zipo sawa" hajahakiki kitu.

Masta, kwa njia yoyote

CD ya muziki inabeba dakika 80. Ukinakili faili za MP3 ukazitupa kwenye diski kama data, umetengeneza CD ya data, na redio ya zamani itaikodolea macho. Kwenye programu chagua CD ya sauti, na chagua kuandika diski nzima kwa mkupuo mmoja. Ukiandika wimbo mmoja mmoja, programu huacha kimya cha sekunde 2 kati ya nyimbo. Kwa albamu ya studio hakuna atakayejali. Kwa onyesho lililorekodiwa moja kwa moja ni aibu: makofi yamepamba moto, ghafla ukimya, kisha makofi yanaendelea kana kwamba mtu amezima swichi. Mwisho ifunge diski kwenye programu (finalize), maana isiyofungwa haisomeki kwenye deki nyingi.

Kiwanda usikipelekee diski iliyochomwa kama unaweza kukwepa. Tuma faili: ISO (faili moja lenye picha kamili ya diski) kwa data na video, DDP (mfumo wa faili za masta unaotumiwa na viwanda) kwa muziki, pamoja na namba ya MD5, inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe, ili wao wathibitishe kwamba walichopokea ndicho ulichotuma. Omba nakala ya majaribio, iangalie mwanzo hadi mwisho, na umpe mtu mwingine asome majina kwenye kava. Jina lililokosewa kwenye nakala 40 unachapa upya jioni hiyohiyo. Kwenye 1,000 utaishi nalo.

Sura ya diski kiwandani huchapwa kwa njia mbili. Picha za watu na rangi zinazofifia zinataka ofseti, uchapaji kama wa magazeti. Maandishi na rangi nzito za kukoza zinataka skrini, yaani wino unaopitishwa kwenye wavu kama wa fulana. Kava waulize kiasi cha chini wanachochapa, kwa sababu mara nyingine kijitabu ndicho kinachokulazimisha kuagiza zaidi, si diski. Makasha magumu ya plastiki hupasuka njiani, kwa posta bahasha ya kadi inatosha.

Kiwanda pia kitakudai karatasi za haki. Kama kwaya yako imeimba wimbo wa mtu mwingine, uwe na kibali mkononi kabla ya kuomba bei. Hawafanyi hivyo kwa kukusumbua. Tangu 1994 kuna alama ndogo zinazoanza na IFPI (shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki), zinazowekwa karibu na tundu la katikati ili diski ijulikane imetoka mashine gani. Zikikutwa kwenye kazi ya wizi, kiwanda ndicho kinaulizwa kwanza.

Kuna atakayesema weka kwenye flashi yaishe. Flashi ni sawa kwa kazi nyingi, lakini mwezi haupiti itakuwa imefutwa na kuwekwa kitu kingine. Diski yenye kava lenye picha yako haifutiki.

Ninachopendelea kwa mtu asiye na hakika ni kuchoma 100 kwanza, azitoe, aone zinakwendaje. Zikiisha haraka na watu wakiendelea kuuliza, ISO au DDP ileile inakwenda kiwandani bila kubadilishwa kitu. Na siku hiyo waulize wanaihifadhi chapa ya nikeli kwa muda gani, maana ukiagiza tena kabla hawajaitupa, kioo kipya hulipi.