Kabla hujaifungia klarineti kashani: mambo ya kuzingatia ukiwa Lamu

Maelekezo mengi yanayokuja na klarineti au obo, ala za kupuliza, yaliandikiwa nchi za baridi. Huko, majira ya baridi yakiingia, nyumba hupashwa moto mpaka hewa inakauka na mbao zinapasuka, ndiyo sababu mpulizaji huambiwa atie kashani kidude cha kuongeza unyevu. Ukiufuata ushauri huo Lamu, hasa masika ya Aprili hadi Juni, utafungua kasha ukute kuvu imeota kwenye pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Shida yetu sisi ni maji yasiyotoka, na karibu kila jambo la kuangalia hapa linatokana na hilo, iwe ni klarineti ya bendi ya shule au zumari ya harusini.

Kwanza ujue mti. Klarineti na obo za mbao kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, mti huu huu unaomea Tanzania na baadhi ya sehemu za Kenya, mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Mafuta yake ya asili huuchelewesha kunywa maji, lakini hauachi kunywa. Pumzi yako ina joto na mvuke, na ndani ya tundu mvuke huo hugeuka matone. Upande wa ndani hufura, wa nje hubaki ulivyo, na mbao hupasuka katika kuvutana huko. Chombo kipya ndicho kilicho hatarini zaidi: wiki za mwanzo kipulizwe dakika 15 hadi 20 kwa siku, kikaushwe, muda uongezwe polepole. Klarineti za plastiki haziogopi mpasuko wa namna hii, lakini pedi, koki (gome laini linalovishwa viungoni) na springi zake huharibika kama za wenzake.

Vifaa vya kufungia vitayarishwe kabla ya noti ya kwanza, kwa sababu mtu aliyechoka na adhana imeshaadhiniwa hatafuti kitambaa, anatupia chombo kashani na kuondoka. Weka karibu kitambaa cha pamba au hariri chenye uzi na kizito mwishoni, kitambaa kingine kikavu cha nje, karatasi za kusokotea sigara zisizo na gundi, na kibweta cha kuwekea ndimi, vile vipande vyembamba vinavyotetema ukipuliza. Kisha usukutue. Halua na kahawa ya barazani ni tamu, lakini sukari hiyo ikisafiri na mate hadi kwenye pedi, pedi hunata kwenye matundu, na kuvu hupata chakula.

Ukimaliza mazoezi, anza na ulimi. Uondoe kinywani mwa chombo, ufute kwa vidole kutoka kwenye shina kuelekea ncha, uulaze mahali tambarare panapopita hewa. Ulimi wa mwanzi ukiachwa umebanwa hukauka umepinda, na kesho hautaziba sawasawa. Usiufunge kwa mpira ukauweka karibu na vitufe vya fedha, maana mpira una salfa na salfa huisawijisha fedha. Kipande cha mdomoni, ambacho mara nyingi ni cha ebonaiti (mpira mgumu), kioshwe kwa maji ya uvuguvugu tu. Maji ya moto hukipinda, na jua hukigeuza rangi ya kijani chafu chenye harufu mbaya.

Baada ya hapo pitisha kitambaa ndani ya tundu mara mbili tatu, kisha tenganisha vipande na ukaushe vile vidomo vya kuungia na soketi zake, kwani maji hujificha hapo na ndipo mbao hufura hadi viungo vikagoma kuachana. Vikigoma, usivizungushe kwa nguvu huku umeshika vitufe, utavipinda. Acha chombo kipumzike mahali pakavu, ujaribu tena baadaye. Koki zipakwe grisi kidogo. Zikilowa grisi gundi yake huachia. Pedi inayolia ‘tsk’ ikifunguka ina maji: weka karatasi ya sigara chini yake, bonyeza polepole, achilia, toa. Usiichomoe karatasi huku pedi imebanwa, utachana ngozi yake.

Ni muhimu zaidi ya yote hayo kwamba kitambaa kilicholoa kisirudi kashani. Nimeona makasha mengi ya wanafunzi yenye kitambaa kimekunjwa vizuri kandoni mwa chombo, na mwenyewe anashangaa harufu inatoka wapi. Kianikwe kamba ya nguo. Na kasha lenyewe liachwe wazi kama nusu saa chumbani, mbali na jua, kabla ya kufungwa.

Ndani ya kasha, vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, lakini vikishashiba maji havina kazi tena na inabidi vibadilishwe. Kipimo kinachopendekezwa kwa ala za mbao ni unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na hewa ya Lamu mara nyingi hupita 70, kwa hiyo haigromita (kipima unyevu) ndogo kashani ni pesa iliyotumika vizuri. Mchele, ile dawa ya simu zilizoloa, usiulete hapa. Utaleta vumbi na fukusi.

Mahali pa kuweka kasha panategemea nyumba. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta hizo hufyonza maji kutoka ardhini, hivyo chumba cha chini ni kibaya na ghorofa ya juu ni afadhali. Vidaka vya ukutani vinapendeza macho, ila chombo kikilala humo kinagusana na jiwe lenye unyevu. Kiweke kabatini au juu ya meza, kwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Nyumba ya makuti hupitisha hewa vizuri zaidi, lakini vumbi la makuti halikomi, basi kasha lifunikwe kwa kanga. Naftalini isiwekwe pamoja na kitu utakachokitia mdomoni, ni sumu. Na wanaopenda kufukiza kila kitu udi, nguo zinatosha: moshi ule huacha utando unaonata kwenye pedi.

Chumvi ya bahari haiuli mbao, inaua chuma. Springi za sindano huota kutu na siku moja moja hukatika katikati ya wimbo. Futa vitufe kila mara, maana jasho la vidole nalo ni chumvi, na mara chache kwa mwaka tia tone dogo la mafuta mepesi kwenye maungio kwa ncha ya sindano. Ukikosa ya vitufe, ya cherehani yatafaa. Ukivuka kwa boti kwenda Shela au Manda, funga kasha ndani ya nailoni kwa ajili ya marasharasha, na ukifika uitoe, kwa sababu nailoni hiyo inayozuia maji kuingia inazuia pia kutoka.

Zumari ina nafuu, haina vitufe wala springi. Udhaifu wake ni ulimi, unaokatwa kwa jani la jamii ya mnazi. Mpulizaji huvuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa ili sauti isikatike, na ngoma ikirefuka ulimi unaloa chepechepe. Utolewe, upulizwe, uachwe kivulini, kwani jua huukunja. Kisha kagua mwili wa zumari: ukiona unga mwembamba umedondoka, bungua wameingia. Itenge na ala nyingine na uipeleke kwa mchongaji mapema.

Safari ya bara ndipo mambo hugeuka. Hewa ndani ya ndege ni kavu mno, na Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hukauka sana Januari na Februari. Mpingo uliozoea Lamu husinyaa huko, na dalili ya kwanza ni pete za chuma kulegea kwenye viungo. Toa silika kabla ya safari. Kule sasa kidude cha unyevu kina kazi. Ganda la chungwa ambalo wazee wa bendi hulitia kashani linafanya kazi hiyo pia, ila huoza, libadilishwe kila siku. Siku za mwanzo puliza kwa muda mfupi. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, mara nyingi kwenye kipande cha juu karibu na matundu, acha kupuliza, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili ujue kama unakua, na utafute fundi kabla mtu hajakushauri supa gluu.