Niambie ni dakika ya ngapi: kupeana maoni juu ya muziki uliopikwa nyumbani

Kuna wimbo wangu mmoja niliutuma kwa watu watatu jioni moja. Wa kwanza akajibu, "Besi imezidi, inagonga kichwa." Wa pili, "Mbona besi hamna?" Wa tatu, "Moto sana mkuu, usibadilishe kitu!" Nikakaa kwenye kompyuta mpaka usiku wa manane nikiipandisha besi na kuishusha: toleo la 7, la 8, la 9, kila moja bovu kuliko lililotangulia. Kesho yake ndipo akili iliponijia nikauliza swali ambalo ningeliuliza tangu mwanzo: jamani, mlisikilizia nini? Wa kwanza alikuwa garini. Wa pili kwenye spika ya simu. Wa tatu, nilipombana, akakiri kwamba hakufika hata nusu.

Wale wawili wa mwanzo walisema kweli tupu. Besi yangu ilikuwa wimbi safi la Hz 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), noti ya A ya chini, na juu yake hapakuwa na kitu. Spika ya simu ni ndogo mno kuweza kusukuma sauti nzito kiasi hicho, kwa hiyo simuni besi haikuwepo kabisa. Garini mambo ni kinyume: umejifungia ndani ya kisanduku kidogo, na kisanduku hicho huzikuza sauti za chini. Dawa haikuwa kupandisha wala kushusha. Niliikwaruza besi kidogo kwa distosheni, kifaa cha kuichafua sauti, ili izae sauti za Hz 110 na 165 juu yake. Simu ikaanza kuishika, na kwa kuwa sasa inasikika kwingine, nikaipunguza ile ya chini kabisa na gari likatulia. Hakuna aliyenishauri hivyo, na hakuna aliyepaswa. Kazi yao ilikuwa kuniambia walichosikia na walikisikia wapi.

Mteja anayemfaa fundi gari hasemi, "Badilisha shokapu." Anasema, "Inagonga nikikata kona ya kushoto." Basi ukiombwa maoni juu ya wimbo wa mtu, kuwa mteja wa namna hiyo.

Mara ya kwanza sikiliza mpaka mwisho bila kugusa chochote. Usisimamishe, usirudishe nyuma, usijibu meseji. Mara ya pili shika kalamu na uandike dakika na sekunde. "Miksi haijakaa" haimsaidii mtu; ataifungua kazi yenye mistari 40 ya sauti asijue pa kuanzia. Linganisha na hii: "Kuanzia 1:12 kinanda kinapoingia, mwimbaji anazama. Maneno ya mstari wa pili sikuyashika. Hedifoni, sauti ya wastani." Mwenye wimbo ataenda moja kwa moja 1:12, atazima kinanda, atakiwasha, na huenda akagundua kwamba kinanda na mwimbaji wanagombania eneo la Hz 1,000 hadi 4,000, ambako maneno hupata uwazi wake. Atakata kidogo upande wa kinanda, au atakisogeza oktava moja juu. Hiyo ni shauri yake. Ukiwa na wazo la tiba litaje, ila liweke mwisho na lisichukue nafasi ya ripoti.

Andika pia ulipochoka. Watu huona haya kulisema hili, na mimi nalithamini kuliko maoni yote ya ikwalaiza, yaani ya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba. Wimbo wa mapigo 124 kwa dakika wenye utangulizi wa mizunguko 32 ya mapigo manne manne unakula sekunde 62 kabla jambo lolote halijatokea. Mtunzi hazioni hizo sekunde, kwa sababu ameshausikia mara mia na moyoni anajua kinachokuja. Wewe ukimwambia, "Kwenye 0:40 nilitazama saa," umempa kitu ambacho hawezi kukipata peke yake. Lakini kwanza muulize wimbo ni wa nini. Kama ni wa madijei, utangulizi mrefu ni chombo cha kazi, wanauhitaji ili kuunganisha wimbo na wimbo. Kama ni wa mtu anayesikiliza akiosha vyombo, mizunguko 8 inatosha.

Ukiletewa matoleo mawili uchague, usiliamini sikio lako hata kidogo kabla hujayasawazisha. Toleo lenye sauti kubwa zaidi hushinda karibu kila mara, hata kama tofauti ni desibeli 1 tu, na msikilizaji huapa kwamba lina "uhai" zaidi. Teremsha lile kubwa mpaka yalingane, ndipo uchague. Nimewahi kusifiwa kwa masta mpya, yaani toleo la mwisho la wimbo, ambayo ilikuwa ni ile ile ya zamani, nimeongeza limita tu, kifaa cha kuufanya wimbo uwe na sauti kubwa zaidi.

Na sifa nazo zinataka dakika. Wahenga walimwogopa mgema anayesifiwa, mimi namwonea huruma yule asiyeambiwa ni tembo lipi lilikuwa tamu, maana atalimwaga. Nilikuwa na mwangwi wa makofi kwenye 2:05, umetoka kwa bahati mbaya tu, nimekosea kuweka dilei, kifaa cha kurudiarudia sauti. Hakuna aliyeutaja, nikaufuta. Toleo lilipotoka, watu wawili waliniuliza, "Ule mwangwi umeenda wapi?" Sikuweza kuutengeneza tena.

Sasa kwa upande wa anayeomba. Tuma faili lenyewe, WAV au MP3 ya kbps 320 (ya ubora wa juu), usirekodi kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ule hubanwa kwa ajili ya maongezi na utaishia kupewa maoni juu ya simu yako. Uliza swali moja au mawili. "Mnaonaje?" huleta "Moto." "Je, mnasikia mdundo unapobadilika kwenye 1:44, au unapita tu?" huleta jibu. Kati ya watu wako watatu, mmoja awe hajui kabisa kutengeneza muziki. Yeye hatakuambia habari za kompresa na vifaa vingine vya miksi, atakuambia alipotaka kucheza na alipokaa. Usianze na "samahani, bado ni rasimu," utamfanya kila mtu akuhurumie. Na kama wimbo umeshaumaliza na hutagusa tena kitu, usiombe ukosoaji. Sema wazi kwamba unataka makofi.

Majibu yakija, sema asante na uliza walisikilizia nini. Basi. Nilikuwa na tabia ya kujibu kwa aya nne nikieleza kwa nini sneya, ile ngoma kali ya mdundo, lazima iwe pale, na nikashinda ubishi wote, nikabaki na sneya mbaya na watu wasiotaka kunisikilizia tena. Siku hizi nanakili kila kitu kwenye karatasi, nalala, kisha asubuhi napanga kwa dakika badala ya kwa mtu. Ndipo mambo hujitokeza. Mmoja anasema 2:20 "pana kelele", mwingine "haihati kali" (yale matoazi ya mdundo), wa tatu "nilipunguza sauti hapo". Sababu tatu, mahali pamoja: pana tatizo 2:20, hata kama wote wamekosea jina lake. Mahali palipotajwa na mtu mmoja tu napasikiliza mara moja kwa nia njema. Nisiposikia kitu, napaacha, na simwandikii kumweleza kwa nini.

Yule wa tatu wa "moto sana mkuu" bado namtumia nyimbo. Zile zilizokwisha.