Somo: Tiba ya uso dhidi ya viputo vinavyokula metali

Ukiletewa impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu) iliyoliwa, ipitishie ukucha kwanza. Mchanga huacha mabonde laini yanayofuata mkondo wa maji. Kavitesheni, yaani kuliwa na viputo, huacha uso kama sponji, wenye vishimo vikali vinavyokwaruza, tena mara nyingi vimejazana sehemu moja huku pembeni pakiwa pazima.

Kisa chake ni hiki: presha ikishuka chini ya ile ya mvuke, maji huchemka bila moto na kuzaa viputo. Viputo hivyo vikifika penye presha kubwa hubomoka, na kilicho karibu na ukuta hurusha mchirizi mwembamba wa maji ambao kasi yake huweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Mapigo mamilioni mahali pale pale huichosha metali mpaka inamegeka. Kwa hiyo unapochagua tiba, usitafute uso mgumu tu. Tafuta uso unaostahimili kupigwa.

Hatua ya 1: Vipande. Kata vitatu kwa kila tiba, na vitatu visivyotibiwa, vyote vya aloi ile ile. Sugua kwa msasa hadi ving'ae. Niliwahi kuharakisha hapa, vishimo vikajipanga kwenye mstari ulionyooka kama rula: alama ya msasa wa kwanza.

Hatua ya 2: Tiba. Hapa tutulie kidogo. Kutia naitrojeni kwa plazma (gesi iliyochajiwa umeme) kunakifaa sana chuma cha pua kisichoshika sumaku, ila joto lisizidi takriban 450 °C. Ukizidisha, naitrojeni huikamata kromi, na chuma chako cha pua kinaanza kushika kutu. Kupiga uso kwa goroli ndogo za chuma hubana tabaka la juu, hivyo nyufa za uchovu huchelewa kufunguka. Lakini huacha uso wenye mabonde, kwa hiyo ung'arishe kidogo baadaye. Mpako wa kabaidi ya tangsteni unaorushwa kwa mwako wa kasi ni hodari kwa mchanga. Kwa viputo siuamini hivyo: ukiwa na matundu au mishono dhaifu, humeguka vipande vipande. Mipako ya maikromita chache (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) juu ya alumini laini ni kioo juu ya godoro. Kuchomelea Stellite, aloi ngumu ya kobalti, ni kazi nzito, ila kobalti yake hubadili mpangilio wa fuwele inapopigwa, ikameza nguvu ya pigo na kuzidi kukaza.

Hatua ya 3: Jaribio. Kipimo cha ASTM G32, kanuni sanifu ya kupima kuliwa na viputo, hutumia ncha inayotikisika mara 20,000 kwa sekunde, kwa mwendo wa maikromita 50 toka kilele hadi kilele, ndani ya maji yaliyokenekwa ya 25 °C. Ziba masikio. Kila baada ya muda uliopanga toa kipande, kisafishe, kikaushe, kipime kwenye mizani ya maabara. Gawa uzito uliopotea kwa densiti upate ujazo uliopotea, la sivyo alumini itaonekana shujaa kwa wepesi wake tu.

Hatua ya 4: Grafu. Mwanzoni karibu hakuna kinachopotea, kisha mstari unapanda. Usisimamishe jaribio katika utulivu ule wa mwanzo. Tiba nyingi huurefusha, lakini tabaka likishatoboka, mwendo wa kuliwa hurudi kuwa wa aloi ya chini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, baada ya naitrojeni ugumu wangu umepanda mara tatu, lakini kipande kinaliwa haraka kuliko kisichotibiwa. Nimekosea wapi?*
Kata kipande, king'arishe, ukitazame kwa hadubini. Ukiona utando mweupe juu kabisa, huenda ndio unaomeguka. Uondoe kwa msasa laini, rudia jaribio.

*Kromi ngumu ya kawaida je?*
Kwa asili ina nyufa ndogo ndogo. Mimi siiweki mahali panapopigwa na viputo.

*Propela yetu inafanya kazi kwenye maji ya chumvi. Matokeo haya yanatosha?*
Hayatoshi, ndugu. Kutu na viputo vikishirikiana, hasara huzidi jumla ya kila kimoja peke yake. Rudia jaribio kwa maji ya chumvi, na weka kipande kingine kwenye maji hayo hayo bila mtikiso, kwa saa zile zile, ujue kutu peke yake imekula kiasi gani.