Dumu la mafuta kuwa chungu cha maua, kazi yote iko kwenye matundu

Juzi jirani kaniita nimwangalizie mirehani yake, majani yamegeuka njano, shina linaoza kwa chini, na yeye anazidi kuimwagia maji akidhani ina kiu. Kuinua ndoo nakuta katundu kamoja tu ka msumari, tena katikati. Tukamwaga kila kitu tukaanza upya, so naandika kabisa kwa yeyote anayetaka kujaribu.

1. Chombo
Ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kula, makopo ya maziwa, vyote vinafaa. Mi chaguo langu ni dumu la njano la lita 10 au 20, plastiki yake nzito. Chupa za maji sizitaki kabisa, ukizigusa na chuma cha moto zinajikunja, halafu mwanga unapenya mpaka kwenye udongo, ndani kunaota ukijani. Bati linashika kutu. Na kama chombo kilikaa dawa ya wadudu au oili ya gari, usipandie kitu cha kula humo, hata mchaichai.

2. Osha, kata
Maji ya moto na sabuni ya unga mpaka utelezi uishe. Kata sehemu ya juu ya dumu kwa msumeno wa chuma, kisu kinateleza kitakuumiza.

3. Matundu
Hapa ndo penyewe. Msumari ni mwembamba mno, tundu lake linazibwa na udongo baada ya kumwagilia mara chache tu. Tafuta kipande cha nondo ya milimita 10, kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka kiive, kishike kwa plaizi au kitambaa kinene kilichokunjwa, utoboe. Fanyia nje, ule moshi wa plastiki sio wa kuvuta, na watoto wakae mbali.

Sasa wapi pa kutoboa? Geuza ndoo uangalie kitako, nyingi katikati pameinuka kidogo, kwa hiyo maji yanabaki pembeni ukizunguka. Toboa hukohuko pembeni, matano au sita kwa ndoo ya lita 20, na mengine mawili matatu ubavuni lakini chini kabisa, ukipandisha juu unakuwa umetengeneza kisima. Plastiki ikiyeyuka inaacha kingo kuzunguka tundu, hiyo ikibaki upande wa ndani inazuia maji yasitoke, kwa hiyo ikipoa ikwangue kwa kisu mpaka iwe flati. Kabla hujatia udongo mimina lita moja ya maji, yanatakiwa yaishe palepale. Ukiona yametuama rudisha nondo motoni.

Na ukishamaliza yote hayo usiketishe ndoo moja kwa moja kwenye sakafu ya sementi, sementi inaziba matundu ya kitakoni. Iinue kwa vipande vitatu vya vigae au tofali.

Kuna watu wanajaza kokoto chini eti maji yapite, jamani hazisaidii, maji yanasimama kwenye udongo juu ya kokoto na mizizi inapoteza nafasi. Weka kipande cha chandarua kuukuu kuzuia udongo usimwagike, inatosha.

4. Udongo
Udongo wa kawaida, mchanga, na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza mizizi). Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi.

5. Panda
Mche, kijiti cha asumini, chochote. Usijaze udongo mpaka ukingoni, acha nafasi ya inchi moja juu yake kwa ajili ya kumwagilia.

6. Sahani
Kama unaweka sahani chini ili sebule isilowe, imwage na kuisugua angalau mara moja kwa wiki. Dar tumeshapata dengue 2014 na tena 2019, na yule mbu anayeng'ata mchana anazaliana kwenye vimaji safi vya namna hii, mayai yake yanagandia kwenye kuta za chombo ndo maana kumwaga peke yake haitoshi.

Kuhusu rangi, ukipaka juu ya plastiki laini itabanduka tu, piga msasa kwanza. Na usichague nyeusi kwa ndoo inayokaa juani, mizizi itaiva.