Jinsi ya Kuandika Tamthilia ya Wachezaji wa Zamani Wanaokutana Tena

Anza na mpira mmoja. Msimu mzima ni mkubwa mno, na kombe lenyewe halisemi kitu. Mimi hupenda mikwaju ya penalti baada ya sare, kwa sababu hakuna mtazamaji asiyeielewa: mpira uko mita 11 kutoka golini, kipa yuko kwenye mstari, wengine wamesimama kwenye duara la kati na hawawezi kusaidia. Mmoja akakosa. Leo anadai nahodha ndiye aliyemlazimisha apige huku mguu unamuuma. Nahodha anaapa kwamba jamaa alijitolea mwenyewe. Kipa anajua kuwa bila lile goli rahisi alilofungwa mwishoni, wasingefika kwenye penalti kabisa.

Kabla ya kuandika mazungumzo, andika kumbukumbu ya kila mmoja, ukurasa mmoja mmoja, kwa sauti yake. Usiamue nani mkweli. Mtunzi akishajua mkosaji, wahusika wengine huwa mashahidi tu.

Timu ya soka ina watu 11 na jukwaa halitawabeba. Chukua wanne au watano, na kocha ukimhitaji. Ninayempenda kuliko wote ni mchezaji wa akiba. Ana medali kama ya wenzake, ila siku ile hakugusa mpira. Mpe kazi nzuri na watoto waliomaliza shule, kisha mwache abaki na kiu ya zile dakika tano ambazo hakupewa.

Fikiria pia asiyekuja. Katika That Championship Season ya Jason Miller, iliyopanda jukwaani 1972 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, wachezaji wanne wa kikapu wanasherehekea ubingwa wao wa zamani nyumbani kwa kocha. Wa tano, Martin, hayupo, na kutokuwepo kwake ndiko kunakofichua jinsi ubingwa ule ulivyopatikana. Kiti kitupu kina nguvu hiyo pale tu ambapo waliopo wana sababu ya kuogopa kutaja jina la mwenyewe.

Sasa ugomvi, na hapa usiwe na haraka. Watu wazima hawafiki kwenye sherehe wakatangaza kwamba maisha yamewaangusha. Hubishania pasi:

— Ungenipa ule mpira.
— Ulikuwa umeotea.
— Sikuotea.
— Kibendera kilinyanyuliwa, kaka. Wote tulikiona.
— Ningefunga, yule wakala angenichukua.

Sentensi ya mwisho ndiyo tamthilia yenyewe. Kauli nne za mwanzo ni mlango wake. Icheleweshe kadiri uwezavyo, na ikishatoka usimruhusu mtu aifafanue. Mwingine aombe chumvi, au acheke kwa sauti mno. Ukiandika “nimekuwa na uchungu miaka yote hii”, futa, kisha umrudishe mhusika kwenye mpira.

Kila mmoja awe na jambo analolitaka usiku huu huu: mkopo, kura, msamaha, au kazi ya mwanawe. Bila hilo watakaa na kukumbuka, na kukumbuka peke yake hakuendeshi onyesho.

Kwenye mazoezi, wape waigizaji mpira wapigiane pasi kabla ya kushika maandishi. Utaona nani anaita jina la mwenzake kabla ya kupasia na nani anapasia bila kutazama. Yachukue hayo uyatumie kwenye namna wanavyopeana vikombe na kupishana mlangoni.

Kuhusu mwisho, mimi siwapatanishi wote. Wawili wanaweza kupatana, wa tatu akakataa, na sababu yake iwe nzuri kiasi cha kumfanya mtazamaji asimlaumu. Ukimaliza, wasomee watu waliowahi kuchezea timu moja. Watakukatiza: “Hatusemi hivyo.” Waulize wanasemaje, uandike palepale.