Kabla hujapanda Kosta kwenda kupimwa kizazi

Daftari kwanza. Dada yangu alitoka Usa River kwenda Moshi kumwona daktari wa wanawake baada ya mimba tatu kutoka. Alibeba kanga, maji, kadi ya bima na barua ya rufaa, ila habari zenyewe hakuwa nazo. "Ya kwanza miezi miwili hivi, ya pili kama minne, au mitano." Daktari akaweka kalamu chini.

Wiki ambayo mimba ilitoka ndiyo inayomwonyesha daktari pa kuanzia. Mimba nyingi zinazotoka kabla ya wiki 12 huwa na hitilafu ya kromosomu (vibeba urithi vya mtoto), na kizazi cha mama hakina kosa. Zikitoka katika miezi ya nne na ya tano, chupa ikapasuka au mlango wa kizazi ukafunguka bila uchungu wa maana, hapo ndipo mlango huo na umbo la kizazi vinaposhukiwa zaidi. Basi andika kila mimba: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ilitoka wiki ya ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto yaliwahi kuonekana au la, na kama ulisafishwa. Hilo la kusafishwa usilifiche hata kama mama mkwe amekaa pembeni (na kama huwezi kusema mbele yake, asiingie). Kusafishwa kunaweza kuacha makovu yanayoshikanisha kuta za kizazi, na tiba yake si sawa na ya kasoro ya kuzaliwa nayo.

Kasoro ya kuzaliwa nayo huanzia tumboni mwa mama yako. Kizazi hutokana na mirija miwili inayoungana, kisha ukuta wa katikati huyeyuka. Kikikamilika, kinafanana na parachichi lililopinduliwa, kikonyo chini. Ukuta usipoyeyuka, parachichi kwa nje ni zima lakini ndani limegawanyika. Aina hii ndiyo inayohusishwa zaidi na mimba kutoka. Mirija isipoungana vizuri, sehemu ya juu hubonyea kama kopa la karata. Wengine huwa na nusu kizazi, pengine na kipembe kidogo kilichobaki upande wa pili, wengine viwili kamili. Wapo pia waliozaa watoto wanne bila kujua lolote, wakaja kuambiwa siku ya upasuaji. Kwa kuwa figo hujengeka kipindi hichohicho, ukikutwa na kasoro omba nazo zitazamwe.

Usichanganye haya na "kizazi kimegeuka". Kizazi kilicholalia nyuma wanacho takriban mwanamke mmoja kati ya watano, na hakiharibu mimba. Pesa ya kukandwa tumbo ili kirudi, weka nauli.

Ukiandikiwa kipimo cha mirija ya uzazi (HSG), ile eksirei ya dawa inayoingizwa kizazini, hesabu siku kabla ya kuomba miadi. Hufanyika damu ikishakata na yai halijapevuka, yaani kati ya siku ya 6 na ya 11 tangu hedhi ianze. Usikutane na mumeo bila kinga tangu hedhi hiyo ianze hadi upimwe. Ukiwa na uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga, tibiwa kwanza. Mwambie mpimaji kama una pumu au kama dawa ya picha iliwahi kukudhuru. Tumbo litanyonga kama siku mbaya ya hedhi. Uliza kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla, na beba pedi.

Picha hiyo huonyesha ndani tu. Ukuta wa katikati na umbo la kopa vinaweza kufanana kabisa humo, ilhali matibabu yake ni tofauti. Usikubali kupasuliwa kwa picha hiyo peke yake. Uliza utrasaundi ya 3D au MRI (picha ya mashine ya sumaku), zinazoonyesha na umbo la nje, inapatikana wapi. Na hata ukuta ukithibitishwa, uliza faida ya kuukata kwa kamera inayopitishwa ukeni kwako wewe. Jaribio lililochapishwa 2021, la wanawake 80, halikuona tofauti ya watoto waliozaliwa hai kati ya waliokatwa na wasiokatwa. Ni dogo, lakini linatosha kumfanya mtu aulize kabla ya kutia sahihi.

Mume naye aende, maana vipimo vya kromosomu huhusu damu ya wote wawili.

Mimba ikishika tena, fanya utrasaundi mapema kuona imekaa wapi, hasa mwenye nusu kizazi: ikitunga kwenye kipembe kilichobaki, kipembe hicho kinaweza kupasuka na damu ikamwagikia tumboni. Mwishoni mtoto mara nyingi hutanguliza matako, au huja kabla ya wakati. Kwa hiyo anayeishi Karatu au juu kule Rombo asipange kuzalia zahanati ya jirani. Atafute mapema ndugu wa kumpokea mjini wiki za mwisho, na amwambie ukweli ni kwa nini anakuja.