PDF ina paswedi, mteja anataka Word: tunavyofanya hapa steshenari

Nina steshenari Mwenge, Dar es Salaam, upande wa kuelekea Chuo Kikuu. Kazi za kutoa kopi na kulaminisha vyeti zinajiendea zenyewe. Yenye ubishi ni ile ya "Dada, nigeuzie hii PDF iwe Word, ila ina paswedi." Mteja anadhani ni kubonyeza mara moja. Kuna siku ni kweli, na kuna siku inaishia kutaipu upya, ambako kwangu ni shilingi 1,000 kwa ukurasa. Ndiyo maana sianzi kazi kabla ya kujua faili limefungwa vipi.

Namuuliza mteja: inakuomba paswedi wakati gani? Kama inaomba unapofungua, na bila hiyo huoni hata mstari mmoja, kufuli liko mlangoni. Kama inafunguka na unasoma vizuri, ila ukitaka kukopi maneno au kuprinti inagoma, basi umeshaingia sebuleni na kilichofungwa ni kabati. PDF moja inaweza kuwa na yote mawili, kila moja na paswedi yake. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili kwenye Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D kwa pamoja, kisha nenda kwenye Security. Utaona orodha: Printing, Changing the Document, Content Copying, na mbele ya kila kimoja Allowed au Not Allowed. Orodha hiyo inamaliza mabishano mengi dukani kwangu.

Kufuli la mlangoni bila paswedi, mimi siligusi. PDF nyingi za siku hizi zinafungwa kwa AES, njia ya kuvuruga maandishi yasisomeke bila paswedi, ya biti 128 au 256, na hizo tovuti zinazodai kuvunja paswedi yoyote kazi yake ni kubahatisha tu, neno baada ya neno. Paswedi ikiwa nzuri zitabahatisha mpaka uchoke. Kuna njia rahisi zaidi, na watu wanairuka: mpigie aliyelifunga. Kama ni taarifa ya benki au ya mtandao wa simu, rudi kwenye ile barua pepe au meseji iliyoleta faili uisome mpaka chini. Mara nyingi maelezo ya paswedi yako humo humo, mteja alikimbilia kiambatisho.

Na ukimpata huyo mtu kwenye simu, kabla hujauliza paswedi muulize kama bado anayo Word yenyewe. Akiwa nayo, yote ninayoandika hapa chini huyahitaji.

Nieleze kwa mfano wa karibuni. Kina mama wa kikoba kimoja cha Sinza walikuja na katiba yao, imefungwa mlangoni. Walitaka kubadilisha bei ya hisa kutoka 5,000 kuwa 10,000 na kuongeza kifungu cha mkopo wa dharura. Aliyeitaipu alikuwa katibu wao wa zamani, kahamia Dodoma kikazi. Mama mwenyekiti akampigia, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile katiba mbona uliifunga tena?"

Word ilikuwa imepotea na kompyuta ya ofisi yake ya zamani, lakini paswedi aliikumbuka: jina la kikundi na mwaka. Tukaandika, ikakataa. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Paswedi inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo anayeitaja kwa simu muulize herufi moja moja: ya kwanza ni kubwa? Kuna nafasi katikati? Hiyo ni sifuri au ni O? Andika kwanza kwenye Notepad ili uione kwa macho, kisha kopi na kupesti. Caps Lock nayo itazame. Ya kwao ilikuwa na alama ya mshangao mwishoni ambayo katibu hakuitaja kwa sababu, alisema, hiyo si herufi.

Sasa faili limefunguka. Hatua inayofuata ni kupata nakala isiyo na kufuli, na lile la asili liachwe kama lilivyo. Tengeneza folda mpya, weka kopi humo, fanyia kazi kopi.

Njia ya haraka ni kivinjari cha Chrome. Buruta PDF ndani yake, weka paswedi, bonyeza Ctrl na P, na penye Destination chagua Save as PDF badala ya jina la printa. Inayotoka haiombi paswedi. Ila kama aliyelifunga alikataza kuprinti, njia hii inagoma, na kama faili lilikuwa na viunganishi au visanduku vya kujaza fomu, huenda vyote vikapotelea hapo.

Mimi napenda zaidi programu ndogo ya bure inayoitwa qpdf. Haina picha wala vitufe, inaandikiwa amri, lakini haigusi mpangilio wa kurasa na haihitaji intaneti. Ukiwa ndani ya folda yenye faili, bofya pale juu penye jina la folda, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika:

qpdf --password=PASWEDIYAKO --decrypt katiba.pdf katiba-wazi.pdf

Paswedi ikiwa na nafasi au alama za ajabu, izungushie alama za kunukuu. Zile tovuti za kupakia faili na kurudishiwa Word nazijua, na kwa ratiba ya mechi au matangazo ya harusi sina neno. Lakini katiba ya kikoba ina majina, namba za simu na namba za NIDA za wanachama wote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sioni sababu ya kupeleka vitambulisho vya kina mama kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua ng'ambo.

Kabla ya kufungua Word, fanya jaribio dogo. Kwenye PDF, buruta mausi juu ya sentensi. Maneno yakipakwa bluu mstari kwa mstari, hayo ni maandishi ya kweli. Isipopakwa chochote, unatazama picha ya karatasi. Fanya hivyo kila ukurasa, maana faili moja linaweza kuchanganya. Katiba ya Sinza kurasa za mbele zilikuwa maandishi, lakini kiambatisho cha faini kilikuwa karatasi iliyopigwa picha kwa simu, kivuli cha mkono kikionekana pembeni, na ukurasa wa mwisho ulikuwa skani ya saini na muhuri.

Kurasa za maandishi ni kazi nyepesi. Word ya 2013 na zilizofuata zinafungua PDF zenyewe: File, Open, chagua faili, zinakuonya kwamba zinabadilisha na huenda muonekano usifanane, unakubali. Kama huna Word, LibreOffice ni ya bure, ila PDF inafungukia Draw na kila mstari unakuwa kijisanduku chake. Inafaa kurekebisha jina au tarehe, kuhariri ripoti nzima ni mateso.

Kurasa za picha ninazipeleka Google Drive kwenye akaunti ya mteja mwenyewe, si yangu. Bofya kulia, Open with, Google Docs, nayo inasoma herufi kutoka kwenye picha. Faili liwe dogo, Google wenyewe wanashauri MB 2 au chini, na ukurasa uwe umesimama wima. PDF ikiwa bado na paswedi haitasomeka, ndiyo maana kufuli linatoka kwanza. Ukurasa wa saini niliuacha: katiba mpya itasainiwa upya, na kuhamisha saini ya mtu kwenye maneno ambayo hakuyasoma si kazi ya steshenari.

Kazi yenyewe inaanza hapa, na ndipo ninapolipisha. Bonyeza ile alama ya ¶ juu kwenye Word uone yaliyojificha. Mara nyingi kila mstari umekatwa kana kwamba ni aya, kwa hiyo ukiongeza neno moja, ukurasa mzima unavurugika. Dawa ni Ctrl na H, pale pa kutafuta na kubadilisha, ambapo ^p maana yake ni mwisho wa aya. Kwanza badilisha ^p^p kuwa @@, kisha ^p kuwa nafasi moja, halafu @@ kuwa ^p. Aya zinarudi, mistari iliyokatika inaungana. Chagua maandishi ya kawaida tu unapofanya hivyo, usiguse majedwali wala orodha zenye namba, utalia.

Majedwali yaliyotoka kwenye picha nakushauri uyatengeneze upya. Jedwali la faini lilirudi na "l,000" kwa herufi L badala ya moja, na 5,000 ikawa 5.000. Kwenye kikoba, nukta kama hiyo inaleta ugomvi wa Jumamosi nzima. Tulisoma kwa sauti, mimi kwenye Word, mama mweka hazina kwenye karatasi ya zamani, tarakimu kwa tarakimu. Angalia pia ng' kwenye maneno kama ng'ambo, kialama chake hupotea, na rn ambayo hugeuka m. Mistari myekundu chini ya kila neno isikutishe: Word inadhani unaandika Kiingereza. Chagua yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, tafuta Kiswahili.

Faili likiwa tayari ni la Word lakini limefungwa, mambo ni mafupi. Lisilokubali kuhaririwa, nenda Review, Restrict Editing, Stop Protection, weka paswedi. Linaloomba paswedi kufunguka, lifungue, kisha File, Info, Protect Document, Encrypt with Password, futa vile vidoti, OK, hifadhi.

Kuna wanaokuja na taarifa ya benki. Kama unataka miamala yako ya dukani kwenye Excel, karibu: toa kufuli, kisha kwenye Excel ya Microsoft 365 nenda Data, Get Data, From File, From PDF. Kijana mmoja yeye alitaka mshahara uongezwe sifuri kwa ajili ya viza. Kughushi nyaraka kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, nikamwambia paswedi ni yako, faili ni lako, lakini maneno yaliyomo ni ya benki. Akaondoka akisema kuna steshenari nyingi. Ni kweli, zipo.

Ukimaliza kwenye kompyuta ya duka, futa faili kwenye Downloads na kwenye Recycle Bin. Kama ulilituma kwa WhatsApp Web, toa simu yako mwenyewe, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa kompyuta yetu. Usiniachie mimi nikufanyie, hakikisha kwa macho.

Nakala ya mwisho ya katiba tuliifunga tena. Kwenye Save As chagua PDF, bonyeza Options, na chini kabisa kuna Encrypt the document with a password. Word yenyewe ikaenda kwenye flashi mbili, ya katibu na ya mwenyekiti, wasije wakanirudia na habari za Dodoma. Paswedi mpya waliandika wenyewe. Mimi niliwapisha kiti, nikageukia mashine ya fotokopi, ambako mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri na ripoti ya field, nayo imefungwa.